Sajini Aliyedaka Mpira: Habari za John Ritchey wa San Diego

Msomaji wa Maliba au wa Bwera akisikia neno mdakaji, mara moja humfikiria golikipa akiruka baina ya miti miwili, na nyuma yake watoto wamejipanga kuukimbilia mpira usije ukateremka mlimani hadi mtoni. Huko Marekani yuko mdakaji wa namna nyingine. Yeye hasimami bali huchuchumaa. Hana goli la kulinda, wala hangoji mpira umjie mara moja moja. Katika mchezo mmoja hudaka mara mia moja na zaidi, na kila mara mtu mwenye gongo husimama hatua moja tu mbele yake, akilipunga gongo hilo karibu na kichwa chake. Huyo ndiye mdakaji wa besiboli, na mmoja katika wadakaji hao alikuwa John Ritchey, mwana wa mji wa San Diego katika jimbo la California, aliyepata kuwa sajini katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Jina lake halijulikani sana hata kwao. Jackie Robinson anajulikana dunia nzima kwa kuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuchezea ligi kuu za nchi ile katika karne ya ishirini, hapo tarehe 15 Aprili 1947. Ritchey aliifanya kazi ya namna hiyo hiyo mwaka mmoja baadaye, katika pwani ya magharibi, tena katika nafasi iliyo ngumu zaidi uwanjani. Robinson alipewa heshima zote zilizomstahili. Ritchey alimalizia maisha yake ya kazi akiendesha gari la mikate.

Kazi ya mdakaji

Ili kuelewa yaliyompata mtu huyu, haina budi kwanza kuelewa kazi yake. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa Uganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Na mwaka 2023 kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, mdakaji pia, alichezea timu ya Frederick katika jimbo la Maryland. Lakini katika viwanja vingi vya Kasese mchezo huu haujaonekana, na maelezo machache yatafaa.

Mrushaji husimama umbali wa mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Huurusha mpira mgumu wa ngozi, wenye uzito wa gramu 145 takriban, kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 140 kwa saa. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiukosa, mdakaji aliye nyuma yake lazima auzuie kwa glavu, kwa kifua, au kwa goti ikibidi. Ndiyo maana yeye peke yake uwanjani huvaa kinyago cha chuma usoni, kinga ya kifua, na kinga za miguu. Vidole vya wadakaji wa zamani vilikuwa vimepinda kama mizizi, kwa kuwa karibu kila msimu kidole kimoja au viwili vilivunjika.

Kudaka, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Wachezaji wenzake wote wanane humwelekea mpigaji. Mdakaji peke yake huwaelekea wao, na kwa hiyo huuona uwanja wote kama kamanda aliye kilimani. Yeye ndiye humwelekeza mrushaji ni mpira wa namna gani utakaofuata: wa kasi, wa kupinda, wa juu au wa chini. Huonyesha kwa vidole, akivificha kati ya mapaja yake ili adui asivione. Mrushaji akishikwa na hasira au woga, ni mdakaji anayeondoka mahali pake, akamwendea, akasema naye maneno mawili matatu ya kumtuliza. Wengine hutenda, huyu hutenda na kuamuru. Kila askari aliyewahi kuwa chini ya sajini mwema atafahamu maana yake bila kuelezwa zaidi.

Iko kazi nyingine, na katika habari za Ritchey ina uzito wa pekee. Mchezaji wa upande wa pili aliyekwisha fika kituo cha kwanza anaweza kukimbia ghafla kukiiba kituo cha pili wakati mrushaji anaporusha. Hukimbia kwa muda wa nukta tatu na nusu hivi. Katika muda huo mpira lazima utoke mkononi mwa mrushaji, umfikie mdakaji, naye ainuke kutoka katika kuchuchumaa na kuutupa karibu mita 39 hadi kituo cha pili. Mdakaji mwenyewe ana nukta mbili tu, si zaidi. Vijana wa mlimani wanaowafukuza nyani kwa mawe katika mashamba ya mahindi wanajua tofauti ya kulirusha jiwe ukiwa umesimama vizuri na kulirusha ukiwa umetoka kuinama.

Kijana aliyeachwa benchi

John Ritchey alizaliwa San Diego tarehe 5 Januari 1923. Mji huo uko karibu na mpaka wa Mexico, na una bandari kubwa ya jeshi la majini. Shule zake hazikuwa zimetengwa kwa rangi kama zile za majimbo ya kusini, hivyo Ritchey alikua akicheza pamoja na watoto Wazungu. Akiwa kijana alijiunga na timu ya chama cha askari wastaafu cha mji huo, timu iliyokuwa hodari hata ikafika fainali za nchi nzima.

Hapo ndipo alipoonyeshwa nchi yake ilivyokuwa. Mwaka 1938 fainali zilifanywa katika majimbo ya kusini. Ritchey na mwenzake mmoja mweusi walisafiri na timu safari ndefu, lakini walipofika huko waliambiwa kwamba hawawezi kucheza pamoja na Wazungu. Walikaa wakatazama. Timu yao ilishinda bila wao. Mwaka 1940 timu ilirudi kusini, mara hii katika mji wa Albemarle, jimbo la North Carolina, na Ritchey akazuiwa tena. Safari ile ya pili timu ilishindwa. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mashindano hayo yaliandaliwa na chama cha askari wastaafu, ambacho mafundisho yake kwa vijana yalikuwa juu ya uraia mwema.

Miaka michache baadaye nchi hiyo hiyo ilimhitaji. Ritchey aliacha masomo ya chuo akaingia jeshini, akapelekwa Ulaya katika kikosi cha wahandisi. Jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa limegawanywa kwa rangi: askari weusi walikuwa na vikosi vyao, na wengi wao walipewa kazi za kujenga barabara na madaraja, kupakua meli na kuendesha malori. Wahandisi hawakuwa mbali na hatari kwa sababu hiyo, kwani daraja hujengwa mahali ambapo adui hataki lijengwe. Ritchey alipanda hadi cheo cha sajini. Aliwaongoza watu, lakini watu weusi. Sajini mweusi kuwaamuru askari Wazungu halikuwa jambo la kawaida.

Wazee wa Uganda waliotumikia King's African Rifles hadi Burma, wakarudi kwao wakiwa na medali na kukuta mambo ya nyumbani hayakubadilika sana, wasingehitaji mkalimani kuelewa hali aliyoikuta Ritchey aliporudi San Diego.

Msimu wa Chicago

Kwa miongo mingi wachezaji weusi wa Marekani walikuwa na ligi zao wenyewe, kwa kuwa zile kubwa ziliwafungia mlango. Mwaka 1947 Ritchey alijiunga na mojawapo ya timu hizo, Chicago American Giants. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alipiga kwa mkono wa kushoto, jambo lenye faida, kwa sababu warushaji wengi hutumia mkono wa kulia na mpigaji wa kushoto huuona mpira wao vizuri zaidi. Msimu ulipokwisha alitangazwa kuwa mpigaji bora wa ligi yake, kwa wastani wa 0.381, yaani katika kila majaribio 1,000 angefaulu mara 381. Katika mchezo huu anayefikia 300 huhesabiwa kuwa mpigaji mzuri.

Ule ulikuwa ndio mwaka wa Robinson. Naye Robinson alikuwa mwanajeshi wa zamani, luteni aliyeshtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 1944 baada ya kukataa kwenda kuketi nyuma ya basi huko Texas, akaonekana hana hatia. Mwezi wa Julai 1947 Larry Doby, aliyetoka jeshi la majini, akaingia timu ya Cleveland. Ilionekana kana kwamba milango inafunguka mmoja baada ya mwingine. Timu ya Chicago Cubs ilimwita Ritchey kumjaribu, ikamtazama, kisha ikamwacha aende zake.

Aliyemchukua alikuwa Bill Starr, mkuu wa timu ya San Diego Padres. Starr mwenyewe alikuwa amepata kuwa mdakaji, akacheza michezo michache katika ligi kuu na Washington kabla ya kumalizia San Diego, na kwa hiyo alijua alichokuwa akikitafuta. Timu yake ilikuwa katika ligi ya pwani ya Pasifiki. Msomaji asiidharau ligi hiyo kwa kuwa ilikuwa daraja moja chini ya zile kuu. Hadi mwaka 1958 hakuna timu ya ligi kuu iliyocheza California, na kwa watu wa magharibi ligi ya pwani ndiyo iliyokuwa ligi. Msimu wake ulikuwa mrefu kupita wowote, michezo zaidi ya 180, na mishahara mingine ilikaribiana na ya ligi kuu. Tangu ianzishwe mwaka 1903, ligi hiyo haikuwa imepokea mtu mweusi kwa kujua. Mwaka 1916 Jimmy Claxton aliichezea Oakland kwa siku chache akidhaniwa kuwa ni Mhindi Mwekundu. Ukoo wake ulipojulikana, aliondolewa.

Tarehe 30 Machi 1948, huko Los Angeles, John Ritchey aliingia uwanjani akiwa na gongo mkononi, na historia hiyo ikakoma.

Nani atamwamuru nani

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko ilivyotarajiwa. Alicheza michezo 103, akapiga kwa wastani wa 0.323. Watu wa San Diego walimpokea kama mwana wa nyumbani, maana ndivyo alivyokuwa. Walimjua tangu utoto wake. Lakini alikuwa mweusi peke yake katika timu. Safarini wenzake walilala wawili wawili, yeye akilala chumba cha pekee. Mara nyingi alikula peke yake. Michezo zaidi ya 180 ni miezi sita ya hoteli, treni na sahani moja mezani.

Na uwanjani lilikuwapo lile ambalo wachezaji weusi wa nafasi nyingine hawakukutana nalo kwa kadiri ile. Doby alicheza mbali, nyuma ya uwanja; aliweza kucheza mchezo mzima bila kusema na mtu. Mdakaji hawezi. Warushaji wote wa San Diego walikuwa Wazungu, na kila mmoja wao, kila aliporusha, alitakiwa avitazame vidole vya mtu mweusi na kuvitii, au akatae mbele ya watu wote. Katika nchi ambayo hata jeshi lake halikutaka sajini mweusi amwamuru askari Mzungu, hilo halikuwa jambo dogo.

Msimu ule ule, tarehe 26 Julai 1948, Rais Harry Truman alitia sahihi amri nambari 9981 ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika majeshi ya Marekani. Utekelezaji wake ulichukua miaka kadhaa, hata kupita vita vya Korea. Hivyo basi, amri ilipotolewa, aliyekuwa sajini Ritchey alikuwa amekwisha kuwaongoza vijana wa Kizungu uwanjani kwa miezi minne bila amri ya rais yeyote.

Mwingine aliyekuwa katika kazi hiyo wakati huo alikuwa Roy Campanella, mdakaji wa Brooklyn, aliyeanza katika ligi kuu tarehe 20 Aprili 1948. Campanella alikuja kupata tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, mwaka 1951, 1953 na 1955, na warushaji wake Wazungu walimtii kwa furaha kwa kuwa aliwashindia michezo. Basi ile hoja ya kwamba haiwezekani ilivunjwa mbele ya macho ya watu wote. Kwa nini isimfae Ritchey?

Jawabu lililotolewa na waliokuwa wakichunguza wachezaji ni mkono wake. Walisema hautupi kwa nguvu za kutosha hadi kituo cha pili. Si haki kulitupilia mbali neno hilo. Zile nukta mbili hazina huruma kwa mtu wa rangi yoyote, na wadakaji wapigaji wazuri wenye mkono dhaifu wamekuwako siku zote. Lakini ni kweli pia kwamba wadakaji Wazungu wenye mkono dhaifu, tena wasiofikia upigaji wake, walikaa katika ligi kuu miaka mingi, wakitumiwa mara moja kwa wiki. Katika miaka ile timu zilizowapokea weusi zilitaka nyota. Nafasi za wachezaji wa akiba, wale watu wa kawaida wanaoijaza timu, ziliachiwa Wazungu. Mweusi alitakiwa awe Campanella, au asiwepo. Ritchey alikuwa mchezaji mzuri sana ambaye hakuwa Campanella, na watu wa namna hiyo ndio waliopoteza zaidi.

Miaka ya kuhamahama

Mwaka 1949 upigaji wake ulishuka hadi 0.257. Mwaka huo hakuwa tena peke yake, kwani San Diego ilikuwa imepatana na Cleveland, na wakaja Luke Easter na Minnie Minoso, watu wenye nguvu waliovuta umati wa watazamaji. Wote wawili walipanda kwenda ligi kuu. Ritchey, aliyetangulia kuupita mlango ule, alibaki nyuma yao.

Alipelekwa Portland mwaka 1950. Kisha akashuka daraja, akaenda Vancouver nchini Kanada, na huko akapiga kama alivyopiga Chicago, akipita 0.340 katika misimu miwili mfululizo, ya 1951 na 1952. Mtu angedhani hesabu kama hizo zingemrudisha machoni pa wakubwa. Zilimrudisha pwani tu: Sacramento, halafu San Francisco mwaka 1955. Mwaka 1956, mwaka ule ule ambao reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, alicheza kidogo huko Syracuse, jimbo la New York, upande wa pili wa nchi, akaacha. Alikuwa na umri wa miaka 33, na kwa mdakaji magoti huwa yamezeeka kabla ya mwenyewe.

Alirudi San Diego. Wachezaji wa siku zile hawakuwa matajiri. Aliyeacha kucheza alitafuta kazi kama mtu mwingine yeyote mwenye nyumba ya kutunza. Ritchey akawa dereva wa kampuni ya mikate, akiamka mapema kupeleka mikate madukani katika mitaa ambayo wengi walikuwa wamemshangilia. Hakuwa mtu wa kujitangaza. Robinson aliandikwa katika vitabu na kuonyeshwa katika sinema. Ritchey hakwenda kutafuta waandishi, nao waandishi kwa miaka mingi hawakumtafuta.

Alifariki tarehe 14 Januari 2003 akiwa na umri wa miaka 80. Miaka miwili baadaye, mwaka 2005, timu ya Padres, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuingia ligi kuu, iliweka sanamu ya kichwa chake katika uwanja wake mpya wa San Diego.

Liko jambo moja zaidi. Mwezi wa Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi saba za wachezaji weusi, za kati ya mwaka 1920 na 1948, zihesabiwe kuwa ligi kuu, sawa na zile zilizowafungia mlango. Na mwaka 2024 hesabu za wachezaji hao zikaingizwa rasmi katika daftari moja na za wengine. Mojawapo ya ligi hizo saba ni ile aliyoichezea Ritchey huko Chicago mwaka 1947. Kwa mujibu wa daftari hilo, mdakaji ambaye Chicago Cubs walimjaribu wakamwacha alikuwa, siku waliyomwita, amekwisha kucheza msimu katika ligi kuu.